Mgahawa wa chai Deira: chai nyota tano, TV nyota moja

Kila mshkaji anayetoka Dar kuja kufunga mzigo huku Dubai ananiuliza swali lile lile, wapi nitapata chai ya maana usiku nikiwa Deira, na mi namwelekeza pale pale kila siku alafu namalizia, ila usiende siku ya kriketi. Ushauri huo ni uongo mtupu. Juni 2024 yote, lile Kombe la Dunia la T20 lililochezwa Marekani na visiwa vya Karibi, siku za kriketi ndo siku nilizokuwa nashinda pale, na hii riviu inahusu hasa mwezi ule, nimechelewa kuiandika kama TV yao inavyochelewa, na hilo la TV ndo kubwa kuliko yote.

Jina silitaji. Kuna suala la bili nataka kulisema na bado nakunywa chai pale kila asubuhi, sitaki kuja kutiliwa chumvi kwenye kikombe. Anayeijua mitaa ya nyuma ya Naif atapatambua tu, meza tisa, friji ya soda, TV kubwa moja juu ya friji, kulia kinyozi wa Kipakistani, kushoto duka la simu la Wahindi. Hiyo kulia na kushoto ishikeni.

Chai kwanza. Dirham moja na nusu, kikombe cha karatasi, iliki ya kuponda siyo ya unga, maziwa na majani vimechemka pamoja mpaka rangi imekuwa ya tofali. Dogo Mnepali anaimimina mkono mmoja uko juu ya kichwa na mwingine kiunoni, haangalii hata, anaangalia TV, na tone halimwagiki. Paratha dirham mbili, ukiishika inachanika tabaka tabaka, hapo ndo unajua chapati zetu za kusukuma tumezoea tu kuzisifia. Kima nzuri, dengu za kawaida. Biriani inategemea mpishi kaamkaje, na mpishi kaamkaje inategemea Bangladesh imechezaje.

Maana pale bwana kila mtu na timu yake. Mwenye mgahawa ni Mhindi wa Kerala, mpishi Mbangladeshi, anayechoma mikate ya tanuri kule mlangoni ni Mwafghani, dogo wa kuhudumia ndo huyo Mnepali. Wateja ni madereva teksi wa Kipakistani, Wahindi wa madukani, masekyuriti wa Kiganda wanaotoka shifti na sisi Wabongo na Wakenya wa kago. Timu zao zote hizo zilikuwemo kwenye lile kombe, isipokuwa ya kwetu Wabongo na ya Wakenya, na Mkenya mmoja hakuchoka kutukumbusha kwamba wao mwaka 2003 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 50 (ova moja ni mipira sita), Steve Tikolo nahodha, wakamfunga hadi Sri Lanka pale pale Nairobi. Ni kweli, na ndo maana ilikuwa inaudhi.

Kwa wasioujua huu mchezo, T20 timu moja inapigiwa mipira 120 inakusanya mikimbio kadri inavyoweza, alafu nyingine inaingia kuifukuzia ndani ya mipira 120 yake. Hayo yanatosha, mengine mi mwenyewe nimeyaokota pale pale kwa kuuliza uliza mpaka nikaambiwa ninyamaze.

Sasa TV. Jamaa hana dishi, anaonyesha kwa intaneti, na picha yake iko nyuma ya wenzake. Siku moja nilipima kwa simu nikapata kama sekunde 30, yaani karibu mpira mzima. Kinyozi na duka la simu wote wana dishi. Kwa hiyo wakati sisi tunamwangalia mrushaji anafuta mpira kwenye suruali, majirani wameshaona kilichotokea na wameshapiga kelele. Ukiangalia mechi pale ni kama kusomewa matokeo ya mtihani kabla hujaingia kwenye chumba cha mtihani. Nimelalamika, wenzangu wamelalamika, mwenye mgahawa anatikisa kichwa vile wanavyotikisa ambako hujui ni ndiyo au hapana.

Mechi za usiku mnene ndo zilikuwa afadhali, kwa sababu majirani wamefunga. Ya kwanza niliyoangalia hivyo ilikuwa Uganda na Papua New Guinea, alfajiri ya tarehe 6, saa tisa na nusu. Uganda ndo mara yao ya kwanza kabisa kwenda Kombe la Dunia, walifuzu Novemba 2023 kule Namibia baada ya kumpiga Zimbabwe, mtu ambaye hakuna aliyetegemea angepigwa. Rafiki yangu Mganda alikuja na sare ya usekyuriti moja kwa moja kutoka kazini, kofia ameiweka mezani. Papua wakatolewa wote kwa 77. Kuna mzee anaitwa Frank Nsubuga, miaka 43, alirusha ova zake nne zote akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi mbili, yaani kuwatoa wapigaji wawili, jamaa akawa anasema "huyo ssebo ana umri wa baba yangu mdogo" na kila mpira anarudia. Alafu ikaja zamu ya Uganda kupiga na wiketi zikaanza kudondoka kama maembe, ikabidi Riazat Ali Shah asimame pale mipira 56 akapata 33, taratibu kama mtu anayehesabu chenji, mpaka wakafika 78. Jamaa yangu akawanunulia watu wote chai. Watu wote maana yake tulikuwa saba, lakini kwa mshahara wa sekyuriti ile ni harusi.

Siku tatu baadaye wakacheza na West Indies, wakatolewa wote kwa 39. Alikaa kimya mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema "wale wenyeji wametukaribisha vibaya", akaenda kulala.

Ila kama unataka kuona huu mgahawa ukiwa na joto lake lenyewe ni Pakistan. Kuna mzee mmoja dereva, wote tunamwita chacha, ndevu amepaka hina, ana meza yake chini ya AC na hakuna mtu anayekaa hapo hata kama hayupo. Tarehe 6 usiku Pakistan walicheza na Marekani kule Texas na chacha alikuja kwa kuchelewa makusudi, anasema mechi ya Marekani mtu unaangalia ova tano za mwisho inatosha. Zile ova tano za mwisho ndo zikamuua. Marekani wakasawazisha, 159 kwa 159, ikaenda supa ova, kila timu mipira sita. Mohammad Amir, mkongwe wa Pakistan, akawa anarusha waidi juu ya waidi, yaani mipira ya pembeni mno inayompa mpinzani mkimbio wa bure, Marekani wakapata 18. Pakistan wakarudi na 13.

Aliyerusha ova ya kuwamaliza Pakistan anaitwa Saurabh Netravalkar, mzaliwa wa Mumbai, na kazi yake ya kila siku wakati ule ilikuwa mhandisi wa programu kwenye kampuni ya Oracle. Duka la simu walipolijua hilo hawakunyamaza mpaka wanafunga, "huyo wetu, huyo wetu", wakati jezi aliyovaa ni ya Marekani. Na hapo ndo nilijifunza kitu kuhusu kulia na kushoto. Kwenye mechi za Pakistan kelele siyo tatizo, tatizo ni kimya. Kinyozi wa kulia akinyamaza, ile mashine ya kunyolea inasikika ukutani zzzz, unajua kimeshaharibika, unageuka kwenye TV kusubiri tu uone kimeharibika vipi. Chacha alikuwa anaisikiliza ile mashine kuliko anavyomsikiliza mtangazaji.

Basi India na Pakistan, Jumapili tarehe 9, New York. Hapa ndo bili yangu. Nafika saa kumi na mbili naambiwa leo hakuna chai ya dirham moja na nusu, leo kuna "kifurushi", dirham 35 kwa kichwa, biriani moja, chai mbili na kiti. Nikauliza kama sitaki biriani, nikajibiwa basi na kiti hutaki. Sasa mtu nakunywa chai hapa siku 300 kwa mwaka. Ningeelewa kama wangebandika karatasi mlangoni siku moja kabla, lakini unaambiwa umeshakaa, umeshatoa viatu vyako chini ya meza, na kiti chenyewe kilikuwa ndoo ya mafuta ya kupikia iliyogeuzwa na kuwekewa gazeti. Nililipa. Biriani ililetwa kuku ni shingo na bawa. Nyota mbili natoa hapo hapo, wala sirudishi.

Mechi yenyewe lakini, aisee. Mvua ikachelewesha, uwanja wenyewe wa muda, ile pichi, yaani ule ukanda wa kurushia, ya kuletwa, mpira unaruka unavyotaka, India wakatolewa wote kwa 119. Kulia kwa kinyozi kulikuwa kama Idi imewahi wiki nzima. Chacha akaagiza chai ya pili kabla ya ya kwanza kuisha, akaanza kutueleza sisi Waafrika kwamba 119 hata watoto wa shule wa Lahore wanafukuzia. Na walikuwa wanakwenda vizuri kweli, 80 kwa wiketi tatu, hesabu inaruhusu kabisa, na sisi tunamwona kwenye TV Bumrah, mrushaji wa India, anatembea kwenda kuanza mbio zake, anatembea tu, na kushoto DUKA LA SIMU likalipuka. Kulia mashine ya kunyolea, zzzz. Mgahawa mzima ukageuka kumwangalia chacha badala ya TV. Yeye ndo mtu pekee aliyeendelea kuangalia mbele, akamwona Bumrah anakimbia, anarusha, stampu, zile fimbo tatu nyuma ya mpigaji, za Rizwan zinaruka. Alijua kama tulivyojua wote. Bado alishtuka.

Pakistan wakaishia 113. Mwisho yule kijana Naseem Shah alikuwa analia uwanjani na mwenzake anambembeleza, na mle ndani Wahindi waliokuwepo wakashusha sauti wenyewe, sijui kwa heshima au kwa sababu wamezungukwa na madereva ambao ndo watawarudisha nyumbani.

Kilichokuja kuwatoa Pakistan ndo kibaya zaidi, mvua. Tarehe 14 Marekani na Ireland walitakiwa kucheza Florida, Pakistan wanaomba Ireland ashinde ili wao wapumue. Chacha alikaa pale kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni anaangalia maturubai yaliyotandikwa uwanjani na watu wenye miamvuli. Ikafutwa, Pakistan nje. Mtu ametolewa na mechi ambayo haikurushwa hata mpira mmoja na siyo yake. Alilipa chai, akaacha chenji, kitu ambacho haachi.

Usiku ule ule, alfajiri ya kuamkia 15, Nepal na Afrika Kusini. Tulikuwa wanne tu na dogo. Sasa mi kwenye kriketi Uganda ikitoka naenda na Afrika Kusini, ndo timu yangu, Afrika ni Afrika, nilimwambia dogo mapema ili asije akasema nimemgeuka. Afrika Kusini 115. Nepal wakafukuzia mpaka mpira wa mwisho kabisa, 2 ushinde, 1 uende supa ova. Hakuna jirani aliyefungua, hakuna wa kutuambia. Dogo kasimama katikati na trei, vikombe vinne vya chai yetu, ameisahau mkononi. Mpigaji akaukosa mpira, akakimbia hivyo hivyo, wakamtoa akiwa ameshakaribia mstari kabisa, mkimbio 1. Nilirusha ngumi juu. Alafu nikaona ile trei, vikombe vimeanza kugongana, siyo vya kumwagika, vinatetemeka tu kwa sauti ndogo. Nikashusha mkono. Akatuwekea chai moja moja, yangu ya mwisho, akaenda kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Kwenye huduma huyu dogo nampa tano na nusu kama inawezekana.

Nimesema biriani inategemea Bangladesh. Tarehe 25 alfajiri, saa kumi na nusu, watu wametoka msikitini wakaingia moja kwa moja, Afghanistan na Bangladesh, anayeshinda kati yao anaweza kwenda nusu fainali, na Australia nao wanasubiri hapo hapo waokote. Siku mbili kabla Afghanistan walikuwa wamemfunga huyo Australia, 148 kwa 127, mchoma mikate alituletea mikate ya bure, nadhani mwenye mgahawa hadi leo hajui. Sasa leo anacheza na nchi ya mpishi. Mmoja mlangoni kwenye tanuri, mwingine jikoni, dirisha la kutolea chakula katikati, na sisi tumekaa kama tuko kwenye wavu wa mpira wa meza. Afghanistan 115 tu. Mpishi akatoka jikoni na mwiko. Bangladesh wakitaka kwenda nusu fainali wanatakiwa wamalize ndani ya ova 12 na mpira mmoja, wakaanza, alafu katikati wakaonekana kama wameamua kutafuta ushindi wa kawaida tu. Mpishi ndo alipandwa hapo, alikuwa anawasema wake kuliko Waafghani, kwa Kibengali, hatukuelewa neno lakini tulielewa yote. Mvua inakuja inaondoka. Kuna dakika Afghanistan walikuwa mbele kwa hesabu za mvua, yaani mechi ingekatika pale wao ndo washindi, kocha wao pale nje akaonyesha kwa mikono punguzeni kasi, na Gulbadin Naib pale pale akaanguka chini ameshika paja kama amepigwa risasi. Mgahawa mzima ulicheka, hata mpishi, mchoma mikate akacheka mpaka akakaa chini na moshi ukaanza kutoka kwenye tanuri, mikate minne makaa. Bangladesh wakatolewa kwa 105. Afghanistan nusu fainali, haijawahi kutokea kwao.

Biriani ya mchana ule niliila, chumvi ya kutosha kusindika samaki. Sikulalamika.

Na kwa Waafghani furaha ilikuwa ya siku mbili. Nusu fainali na Afrika Kusini walitolewa wote kwa 56. Yule bwana alirudi kwenye tanuri lake chai yake ikiwa bado ya moto, na mi nimeshinda tena na tena sijui niifiche wapi sura.

Fainali, Jumamosi tarehe 29, Barbados, kwetu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kifurushi kimepanda, dirham 40, safari hii wamebandika karatasi mlangoni, naona riviu ya mdomo ilifika. Afrika Kusini hawajawahi kucheza fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, na mle ndani mashabiki wao tulikuwa mimi, yule Mganda na, subiri, chacha. Kapaka hina upya. Anasema hajui mchezaji hata mmoja wa Afrika Kusini ila leo ni watoto wake wote.

India 176, Kohli 76. Tukafukuzia. Ova ya 15 Heinrich Klaasen alimshukia Axar Patel, ikatoka mikimbio 24, chacha akanikumbatia, jasho na hina vyote kwenye shati langu jeupe na havijatoka mpaka leo. Mipira 30, mikimbio 30, wiketi sita mkononi. Mtu yeyote anashinda hapo. Kushoto kimya kabisa, kwa mara ya kwanza mwezi mzima duka la simu kimya, nikaanza kukipenda kile kimya. Alafu likapiga kelele, Klaasen. Likapiga tena. Bumrah, Arshdeep, mikimbio inatoka kwa kijiko.

Ova ya mwisho tunatakiwa mikimbio 16. David Miller yupo, yeye anaweza. Kwenye TV yetu Hardik Pandya bado anapanga watu wake uwanjani, anaonyesha huku na huku, na kushoto kukalipuka vile ambavyo sijawahi kusikia, viti vimeanguka, mtu anapiga mlango wa chuma kwa mikono. Kwa hiyo tulishajua. Chacha akasema labda ni wiketi nyingine, labda mtu kaanguka tu, na Pandya akakimbia, na Miller akaupiga juu, mrefu, na pamoja na yote niliyoyasikia nilisimama kwenye ile ndoo nikasema umevuka. Suryakumar akaudaka kwenye mstari, akaurusha juu, akatoka nje, akarudi ndani akaudaka tena. Mikimbio 7 walitushinda. Chacha akalipa vifurushi vyote vitatu, hakutaka kujadiliana.

Kwa hiyo chai 5, paratha 5, dogo nimeshasema, biriani 3 kwa wastani maana siku nyingine ni 5 na siku nyingine ni bahari, AC 2 nje ya meza ya chacha, bei za siku za mechi 1. TV 1, na hiyo moja ni kwa sababu ni kubwa.

Waliahidi dishi. Februari 2025 India na Pakistan wakakutana tena, Kombe la Mabingwa, na safari hii mechi ilichezwa hapa hapa Dubai, uwanja ambao ukipanda teksi ya chacha unafika. Nikasema leo angalau tutaenda sawa. Nimekaa, nimelipa, Kohli anahitaji mpira mmoja kufikisha 100 na kumaliza mechi, mrushaji kwenye TV yetu anapuliza vidole, na kushoto...